Mikono ya Keziah Thirkell

Wanawake wenye uwezo wa Bath, mji mmoja wa Uingereza, hawakuwa na subira ya kuchorwa mikono. Uso walikubali kuutoa, asubuhi moja au mbili, wakakaa mbele ya Bwana Barnaby Thirkell kama watu wanaosubiri kung'olewa jino. Baada ya hapo walimtuma mtumishi alete gauni, wao wakaenda zao kunywa maji ya moto ya chemchemi ya mji, yanayonuka mayai viza, na kucheza karata. Gauni lilihitaji mtu wa kulivaa, akae, aweke mikono mapajani. Mtu huyo alikuwa Keziah, mke wa mchoraji.

Kwa hiyo ukiingia sebule yoyote ya maana mjini, ukamkuta mke wa askofu juu ya meko na mke wa mfanyabiashara wa sukari ukuta wa pili, nyuso zilikuwa zao, mikono ilikuwa ya Keziah. Hakuna aliyejua. Nani anakwenda kwa watu kutazama vidole?

Walipooana, Thirkell alimwahidi Keziah kwamba atamchora yeye mwenyewe, uso na yote. Akatayarisha turubai la kuchorea, akaliegemeza nyuma ya mlango. Akaja mteja mwenye haraka, likachukuliwa. Akatayarisha jingine, likaondoka na kanali mmoja mnene. Miaka ikapita hivyo hivyo. Nyuma ya mlango hapakukosa turubai, na juu ya turubai hapakuwa na Keziah. Mume wa namna hiyo huwezi hata kumgombeza, maana kila siku yuko njiani kutimiza.

Kisha vidole vya Keziah vikaanza kuvimba. Baridi ya chumba kile ilimwingia kwenye viungo, na kila majira ya baridi yalipopita vifundo viliota nundu na vidole vikapinda. Keziah aliogopa, tena sana. Pale kwenye kiti ndipo mahali pekee ambapo Thirkell alimtazama. Mezani alitazama nyama. Na chini ya mtaa kulikuwa na Dulcie Pym, binti wa mwoka mikate, ambaye Thirkell aliwahi kusema ana vidole vizuri. Alisema hivyo huku akitafuna mkate wa binti huyo, lakini alisema. Dulcie akichukua kiti, Keziah angebaki jikoni, na turubai la nyuma ya mlango lisingemfikia tena.

Akaanza ujanja. Alimshauri mumewe kwamba mteja huyu angependeza mikono ikiwa ndani ya mfuko wa manyoya wa kukinga baridi, na yule naye, na yule mwingine. Thirkell alikubali kila kitu. Msimu ule wanawake wote waliotoka kwake walionekana wanasikia baridi, hata mmoja aliyechorwa bustanini juani.

Bi Lavinia Cradock ndiye aliyekataa manyoya. Alikuwa na pete, na alitaka pete zionekane. Keziah akavaa gauni la bibi huyo la hariri ya kijani. Pete zikagoma kupita kwenye vifundo, akazifunga kwa uzi chini ya vidole, akakaa. Thirkell akachora kama siku zote. Kazi ilipokwisha Keziah hakwenda kuitazama, akasingizia kwamba ameacha maziwa motoni.

Haukupita muda Bi Lavinia akarudi, nyuma yake watumishi wamebeba picha mbili: yake na ya wifi yake. Alikuwa amezitundika pamoja siku ya karamu, na daktari mmoja, kwa kukosa la kuongea, akagundua kwamba wifi hao wawili wana kovu la kuungua kwenye kidole gumba, mahali pamoja.

"Hii mikono ni ya nani?" akauliza Bi Lavinia.

"Ya mke wangu, bibi," Thirkell akajibu. "Aliungua na bakuli la pai."

"Mwite niione."

Keziah alikuwa mlangoni, amefunika mikono kwa aproni. Akaitoa, maana hakukuwa na la kufanya. Bi Lavinia akaitazama, akatazama picha, na Keziah naye akaitazama picha kwa mara ya kwanza. Vidole vya pale vilikuwa laini, vimenyooka, vidole vya msichana aliyeolewa juzi.

"Bwana wee, unanifanya mtoto? Hii siyo."

"Ndiyo hiyo hiyo, bibi."

"Basi macho yako yana kasoro. Nifutie hilo kovu."

Thirkell akachukua brashi akalifuta hapo hapo. Bi Lavinia akaondoka na picha zake, ameridhika, akimwonea huruma mchoraji kwa upofu wake.

Keziah hakuondoka. Alimuuliza mumewe kama kweli haoni.

"Niliona vidole vilipoanza kuvimba," Thirkell akasema, akisafisha brashi. "Mikono yako ile ya zamani naijua kwa moyo, mke wangu. Sihitaji kuitazama."

"Sasa kwa nini ukanikalisha kwenye baridi yote ile, Bwana Thirkell?"

Alifikiri kidogo. "Ningekuambia usikae, ungekwenda jikoni."

Keziah alihisi hasira na furaha vikija pamoja, akashindwa kujua ataanza na ipi. Akaanza na hasira. Alimwambia alete turubai la nyuma ya mlango sasa hivi, na moto uwashwe, na mteja yeyote akibisha hodi aambiwe mchoraji amekufa. Thirkell akakoka moto.

Alimchora kwa gauni lake la jikoni. Uso ulichukua siku nyingi, kwa kuwa huo, alisema, hakuujua kwa moyo na ilibidi autazame. Alipofika kwenye mikono, Keziah alishindwa kuvumilia, akainuka kuchungulia. Ilikuwa na nundu zote, vidole vimepinda kama tangawizi.

"Ile mizuri umewapa wanawake wa watu," akasema. "Mimi unanipa hii."

"Ile ilikuwa ya kuuza," Thirkell akasema.

Kisha akamwomba arudi akae, asitikisike, maana kovu la kidole gumba lilikuwa bado.