Wakishinda, Hakuna Kufua

Timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo chetu ina uchafu wake wa jadi: ikishinda mechi ya kwanza ya msimu, nguo za kuvalia ndani ya jezi hazifuliwi mpaka siku itakapofungwa. Fulana, soksi, pedi za magoti, zote zinaanikwa na jasho lake. Eti ukifua, unafua na bahati. Mimi ndiye dobi wao, mwaka wa kumi na tisa sasa hapa Nebraska, na nasema bila haya: nawaonea kinyaa.

Msimu uliopita walishinda saba mfululizo. Kufikia Oktoba sikuweza kuingia chumba chao bila kufunga kitambaa puani. Soksi zilisimama zenyewe. Fulana ziliota ukungu wa kijani, na vijana wale, wana wa watu, wakazivaa huku wakicheka.

"Vuta pumzi, Bi Darlene!" Cody Hruska alinipungia soksi usoni. "Hiyo ndiyo harufu ya ubingwa."

"Hiyo ni harufu ya panya aliyefia ukutani, mjinga we. Toa huko!"

Cody ni mtoto wa mfuga ng'ombe, kilo mia na thelathini. Kazi yake ilikuwa kusimama mstari wa mbele na kumkinga mrusha mpira asiangushwe. Nilimpenda kuliko wote kwa sababu ni yeye peke yake aliyekuwa akiokota taulo lake sakafuni.

Jumatatu baada ya mechi ya saba nikamwona anachechemea. Nikamwambia apandishe suruali. Pale pedi inapokaa palikuwa na jipu jekundu kama nyanya, linachuruzika usaha, na mistari myekundu inapanda pajani.

Nikaenda naye moja kwa moja kwa Kocha Purcell.

"Kocha, nafua zote leo. Na huyu mtoto aende hospitali."

"Darlene, imebaki mechi moja tuchukue ubingwa. Mpakeni dawa."

"Mguu unaoza!"

"Haya, fua. Tukifungwa, utawaeleza mwenyewe watu wa mji huu."

Watu wa mji huu. Mchungaji, muuza mafuta, dada yangu wa tumbo moja, wote wangenitemea mate. Cody naye alinifuata mlangoni akinisihi: "Jumamosi tu, Bi Darlene. Jumapili naenda hospitali, naapa." Ufunguo wa chumba cha mashine nilikuwa nao mimi. Nikautia mfukoni, nikanyamaza. Uvundo wote ule haujanichukiza kama ninavyojichukia kwa kimya kile.

Jumamosi wakashinda. Cody alicheza mpaka robo ya nne, kisha akaanguka bila kuguswa na mtu, anatetemeka kwa homa. Alipokuwa akibebwa kwenye machela, uwanja mzima ulikuwa unaimba. Jumatatu madaktari wakamkata mguu juu ya goti. Wiki hiyo hiyo Kocha akaongezewa mkataba wa miaka minne, na watu wazima wenye akili zao wakampigia makofi.

Septemba hii Cody amerudi masomoni na mguu wa bandia. Timu ikashinda mechi ya kwanza. Safari hii sikumwuliza mtu. Nilikusanya kila kitambaa mle chumbani, nikajaza mashine tatu pomoni, nikamimina sabuni. Kabla sijawasha, Cody akaingia akijikokota na kufunika swichi kwa kiganja.

"Usifue, Bi Darlene. Tumeshinda."

"Hata wewe, Cody? Hata wewe, mwanangu?"

"Ukifua, halafu tukashinda tena..." Akaugonga ule mguu wa bandia. "Basi mguu wangu ulikwenda bure."

Nikauondoa mkono wake, nikawasha. Alikaa kwenye benchi akilia mpaka mashine zikamaliza kusuuza.