Dawa ya Odeta

Mama alifariki mwaka 1995, siku mvua za vuli zilipoanza, na mimi sikuwapo. Nilikuwa mjini Igogo, ng'ambo ya ziwa, kwenye cherehani, nikipunguza suruali za mitumba. Nilipofika kwetu kisiwani Nansio kwa meli ya kesho yake, kaburi lilikuwa limeshachimbwa.

Matanga yalipokwisha akaja Celestina, mtafiti wa mitishamba kutoka Dar es Salaam. Hakuwa na habari ya msiba. Alikaa mkekani akalia kidogo, kisha akaniambia kilichomleta. Kati ya aina za unga wa mizizi ambazo mama alimpa mwaka uliotangulia, moja ilikuwa imeua vijidudu vya malaria maabarani. Sasa alihitaji majani na maua, kwa sababu unga peke yake hauonyeshi ni mti gani.

"Ni ule aliouita dawa ya Odeta," alisema. "Unaujua, dada?"

Sikuujua. Mama hakuwa na majina ya kudumu kwa dawa zake. Kila moja aliiita kwa jina la mtu wa mwisho aliyeponywa nayo, na Odeta aliponywa nikiwa nimeshahamia mjini. Hakuacha mwanafunzi wa kazi yake. Mwanafunzi nilipaswa kuwa mimi.

Tulimkuta Odeta ufukweni, anaanika dagaa.

"Shikamoo, dada," nilimwamkia, nikamweleza tunachotafuta.

"Marahaba. Dawa mimi nilikunywa tu. Homa imenipanda, nianze kuuliza majani?"

"Hata ua hukuliona?" Celestina akauliza.

"Niliona ndoo ya kutapikia." Akanigeukia. "Si ungemuuliza mama yako mwenyewe, mtu wa mjini?"

Odeta akafuta mikono kwenye kitenge chake.

"Nisamehe, mdogo wangu. Ila siku ile alinichekesha. Alisema, kunywa, hii ni ile ile ya Justa. Justa kaondoka, wewe umeugua, basi ichukue iwe yako."

Justa ni mimi, na dawa ya Justa niliijua. Ndiyo niliyonyweshwa kila homa ya utotoni, na nilikuwa nikimbebea mama jembe akienda kuichimba. Niliwaza njiani, tukielekea pale alipokuwa akiichimba, kwamba labda imekwisha, kwa jinsi mizizi inavyochimbwa. Lakini vichaka vilikuwapo kati ya mawe, vina maua madogo meupe. Pembeni ya kimoja palikuwa na shimo lililofukiwa vizuri, kama alivyofanya mama siku zote. Udongo wake ulikuwa haujashikana bado.

Celestina alikata matawi, akayalaza katikati ya magazeti, akayabana kwa mbao mbili na kamba. Aliniuliza kama nataka kubaki na tawi moja. Sikujua ningelifanyia nini.

Jioni alipanda meli. Mimi nilifunga nyumba, nikarudi Igogo kwa meli ya asubuhi.

Kichaka kile sasa kina jina la Kilatini huko Dar es Salaam. Nansio hakuna anayekichimba. Nikishikwa na homa nanunua vidonge vya malaria duka la dawa hapa Igogo, nameza, nalala.