Chumba cha Pembeni

Mama Bweni alikuwa amekwisha kulikunja godoro la Chui kabla hata ya kumuuliza neno. Ndivyo alivyozoea kufanya kazi: ugomvi ukizuka chumbani, humhamisha yule anayelalamikiwa, akampa mahali pazuri zaidi, na bweni likatulia. Safari hii alimwekea chumba cha pembeni, cha mtu mmoja, chenye dirisha linaloingiza jua la asubuhi. Alijisikia kama mtu anayepeleka zawadi.

Chui alijipachika jina hilo mwenyewe, kwa sababu ya mabaka meupe yaliyomtambaa shingoni na mikononi. Daktari wa chuo alishasema hayaambukizi. Lakini mwenzake wa kitanda cha juu, msichana anayesomea uhasibu, hakutaka kusikia. Alikwenda ofisini kulalamika kwamba hawezi kuchangia beseni na mtu wa namna ile.

"Haya mwanangu, chukua mto twende," alisema Mama Bweni. "Huko utalala kama malkia."

Chui hakuinuka. "Mama, nimemkosea nani?"

"Hujamkosea mtu."

"Sasa mbona mimi ndiye ninayefungishwa virago?"

Mama Bweni akalitazama godoro lililokunjwa. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba mtu anayebeba godoro koridoni, wenzake wakichungulia milangoni, hafanani kabisa na malkia.

Mhasibu akaingia, taulo begani. "Kha! Bado tu yupo?"

"Afadhali umekuja, bibie," Mama Bweni akamwambia, huku akilikunjua godoro. "Chumba cha pembeni kiko wazi. Asiyetaka kuishi na mwenzake ndiye anayehama. Ufunguo huu hapa."

"Mimi? Peke yangu kule mwisho? Mama, mimi ni mwoga!"

Chui akaangua kicheko. "Kumbe unaogopa kila kitu, shoga yangu!"

Mhasibu aliutazama ufunguo, asiupokee. Uso ulimwiva kwa aibu. "Basi nikae," akasema kwa sauti ya chini. "Nilisema vibaya. Nisamehe."

"Kaa," Chui akajibu. "Lakini beseni ni letu sote. Sitaki kuliona limefichwa tena uvunguni."

"Sawa."

Mama Bweni akautia ufunguo mfukoni, akatwaa shuka na kulikung'uta. "Shika ncha hiyo," alimwambia mhasibu.

Akaishika, wakamtandikia Chui kitanda chake.