Kadi ya Njia ya Rasi

Mimi ndiye niliyemleta. Kaka alinibembeleza wiki nzima: mke wangu anakaa tu nyumbani, wifi yako huyo, mwombee hata kazi ya kufyeka nyasi. Nikamwombea. Barua niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Shirika letu la hisani lina kazi moja: njia. Zile njia za miguu zinazokatiza mashamba ya watu na kushuka ufukweni, ili hata asiye na ardhi aifikie bahari. Tunafyeka, tunajenga vivuko vya mbao, tunapaka rangi vibao. Nina miaka kumi na saba humo, na viganja vyangu vina sugu, ukinipa mkono utadhani umeshika kisigino.

Wifi alikuwa na miezi minane tu, na tayari picha yake ilikuwa imebandikwa ukutani mapokezi, amezungukwa na wanafunzi, anacheka meno yote nje. Akiingia ofisini, mhasibu anamvutia kiti. Nikiingia mimi, mhasibu huyo huyo ananiambia nifute matope viatuni. Na nyumbani nako afadhali ya jana. Mama yangu, aliyenizaa mimi, chakula kikiiva ananiambia, "Kamwite mwanangu aje ale." Na mwanangu huyo ni wifi! Sisi tuliozoeleka tufanyeje, tuote pembe?

Nasema wazi, nilikuwa na wivu. Nililala nao, nikaamka nao, nikaenda nao kazini.

Mwezi wa tano mkurugenzi akamkabidhi wifi njia ya rasi. "Njia ile inahitaji mtu anayejua kuongea na watu," alisema mbele yangu, kana kwamba mimi ni bubu. Njia hiyo nilikuwa nikiitunza mimi tangu siku ya kwanza. Inaanzia barabarani, inapita kwenye malisho ya mbuzi, inateremka mwambani hadi mchangani, na hakuna njia nyingine ya kufika ufukwe ule. Ardhi yote ni ya bwana mmoja tuliyempa jina la Sitaki. Ukimsalimia, hataki. Ukimwambia mvua imenyesha, hiyo nayo hataki.

Sitaki ana mkataba nasi. Kila mwaka, kabla jua halijazama tarehe kumi na mbili ya mwezi wa sita, mmoja wetu lazima atembee naye njia nzima, kutoka getini hadi mchangani, kisha wote wawili watie sahihi kwenye kadi. Siku hiyo ikipita, ruhusa imekufa, anaweza kufunga. Kwa miaka kumi na saba Sitaki aliingojea siku tutakayochelewa, nami sikumpa. Nimetembea naye nikiwa na homa. Nimetembea naye kesho yake tu baada ya kumzika baba.

Wifi akanijia mezani. "Wifi, eti kadi ya rasi mwisho wake lini? Mkurugenzi kasema nikuulize wewe."

Kadi ilikuwa kwenye droo yangu, inakaribia kunigusa goti.

"Mwisho wa mwezi wa sita," nikamwambia. "Wala usiwe na haraka. Yule bwana hapendi kusumbuliwa mapema."

"Asante, wifi yangu. Bila wewe ningeumbuka."

Sikutaka njia ifungwe, naapa. Nilitaka tu kumtia mchanga kwenye kitumbua chake. Nilijipangia kwamba tarehe kumi na mbili nitakwenda mwenyewe, nitembee na Sitaki, nirudi na sahihi, nao waseme: jamani, huyu binti wa watu amesahau, kama si yule mkongwe wetu tungekuwa wapi?

Siku ilipofika, saa tatu asubuhi nilikuwa getini. Sitaki alinisikiliza, akaingiza mkono mfukoni, akatoa barua ya ofisi yetu iliyokunjwa mara nne. Ilisema kuanzia mwaka huu mwakilishi wa shirika ni fulani. Wifi.

"Mtu wangu ni huyu," akasema. "Wewe sikutaki."

Ndiyo mara ya kwanza nilimwona anatabasamu.

Wifi alikuwa na wanafunzi kwenye njia nyingine, mwendo wa saa moja. Simu ninayo, jua bado liko juu, muda upo tele. Nilichopaswa kusema ni kimoja: njoo upesi, nilikudanganya. Nilikaa juu ya jiwe kando ya geti, simu mkononi, mpaka jua likazama.

Kesho yake geti lilikuwa na kufuli na waya wa miiba. Nilimkuta pale tarishi mstaafu, mzee wa fimbo, ambaye kila asubuhi hushuka kuogelea. Ameshikilia waya, taulo begani. Nilipita kama sijamwona.

Siku ya Alhamisi tukaitwa mkutano, wafanyakazi na watumiaji wa njia pamoja. Wifi akasimama. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Kosa ni langu," alisema. "Kadi ilikuwapo humu ofisini. Nilipaswa kuitafuta niisome mwenyewe, sikuisoma."

Hakunitazama. Hapo nikajua kwamba anajua.

"Mnaona?" mkurugenzi akasema. "Mtu anakosea, anasimama, anakiri. Watu wa namna hii ni adimu." Mtu mmoja akapiga makofi, wengine wakafuata. Makofi, jamani! Mhasibu alifuta chozi. Dhambi ni yangu, nimeihangaikia mwenyewe, sikulala siku tatu, na sifa zake anachukua yeye!

"Kosa si lake," nikasema. Nilikuwa nimeshasimama. "Ni langu. Nilimdanganya tarehe. Kwa makusudi."

Ningependa kusema dhamiri ndiyo iliyoniinua. Ulikuwa wivu ule ule.

Makofi yakakatika. Tarishi, aliyekaa kiti cha pili kutoka kwangu, akanigeukia polepole.

"Wewe?" akasema. "Wewe uliyenichongea ngazi?"

Sikuwahi kumwambia mtu. Mwaka ule alipovunjika nyonga nilimkuta amekaa juu mwambani, anaitazama bahari asiyoweza kuifikia. Nikamchongea ngazi kumi na nne, fupi fupi, Jumapili baada ya Jumapili, wala sikuziandika kwenye ripoti yoyote. Miaka yote hiyo niliamini hakuna aliyejua ni kazi ya nani.

"Ndiyo, mimi."

"Kila nikizikanyaga nilikuwa nakuombea dua," akasema. "Sasa nitazikanyaga lini tena, mwanangu?"

Alitaka kuinuka aondoke, fimbo ikamponyoka, akayumba. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko wote, nikampa mkono. Aliuona. Akaupita, akamnyooshea wifi mkono wake.