Kona ya Sifuri

Kila asubuhi, kabla ya kuiamuru mashine ichonge chochote, Bi Mashine aliwapa watu mgongo. Aliinama juu ya meza, akaikinga skrini ya kompyuta kwa bega, na baada ya dakika mbili akainuka, uso mkavu, kisu kikaanza kuzunguka ukingo wa ubao kikitema unga. Mafundi wenzake walisema anainong'oneza. Hakuwakatalia.

Alichokificha kilikuwa kitu kidogo. Mashine ile, pamoja na akili zake zote, haikujua ubao umelazwa wapi. Ilibidi ipelekwe hadi kwenye kona na kuambiwa: hapa ndipo sifuri, anzia hapa. Ikikosea kwa unene wa ukucha, nakshi yote huenda upande au kuzama mno, na mlango wa kabati la mtu ukawa kuni. Namna ya kuipata kona hiyo aliachiwa na mumewe. Mume alipofariki, ndugu walikuja kugawana, na chumba alicholala, nyuma ya karakana, kilitajwa machozi hayajakauka. Aliyewakata kauli ni shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu. "Mashine anaijua huyu peke yake. Mkimtoa, chuma hiki mtakifanyia nini?" Wakanywea.

Miaka minne ilipita. Siri iliyomwekea paa kichwani sasa ilikuwa imemfungia humo ndani. Akiugua, kazi inalala. Harusi ya mdogo wake aliisikiliza kwenye simu, sikio moja kwa bibi harusi, la pili kwa kisu. Mfukoni mwa aproni alikuwa na barua ya chuo cha ufundi cha mji mwingine: walimtaka akafundishe, na walitaka jibu leo kabla ya saa kumi. Kila alipoligusia jambo hilo, shemeji alikuwa na oda mkononi. "Tumalize kingo za makabati haya, shemeji, halafu tutazungumza." Kingo hazikuisha. Dunia hii ina makabati mengi mno.

Leo alimshika mkono wa shati, akamsimamisha mbele ya mashine.

"Nakufundisha. Ukishajua, naondoka."

"Mimi na chuma hiki hatusalimiani," alisema shemeji, mikono nyuma.

"Mtasalimiana leo. Kilete kisu kwenye kona."

Akabonyeza kwa kidole kimoja, kwa kusitasita. Kisu kikasogea.

"Sasa kishushe. Polepole."

Kisu kikashuka. Mzee akavaa miwani, akanyoosha mkono ukutani bila kutazama, akachana kipande cha kalenda kuukuu. Akakipenyeza chini ya ncha ya kisu, akawa anakivuta huku na huku, akishusha kidogo, na kidogo tena, mpaka karatasi ikakwama: hapo ndipo sifuri.

Karatasi ndiyo iliyokuwa siri yenyewe, na Bi Mashine hakuwa ameitaja bado.

"Nani alikuonyesha karatasi?"

Shemeji hakugeuka. "Kulikuwa na kabati la kioo mbele yako. Wewe unatupa mgongo, mimi nakuona kwenye kioo. Wiki ileile ya kwanza."

"Ukanyamaza."

"Ndugu wangejua naijua, ungelala wapi?"

Hilo lilimgusa, hata kama hakutaka. "Huo ni mwaka wa kwanza," alisema. "Na wa pili? Na harusi ya mdogo wangu?"

Mzee alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Nilikuwa nasema nitakwambia. Halafu nikazoea kukukuta hapa asubuhi."

Bi Mashine akaichomoa barua, akaanza kufungua kamba za aproni huku akielekea mlangoni. Nyuma yake shemeji alibonyeza. Kisu kikanguruma, kikauma ubao.

Akasimama kizingitini bila kupenda. Masikio yake yalikifuata kisu upande wa kwanza, kona, upande wa pili, na kwa aibu iliyomchoma akagundua kwamba anaomba kiteleze, popote pale, kidogo tu. Kikapita kona ya tatu. Kikaifikia ya nne, kikakutana na pale kilipoanzia, kikanyamaza.

"Shemeji," mzee aliita kwa sauti ya chini. "Njoo uupapase ukingo, uniambie."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na nusu. Barua ilikuwa mkononi. Aproni, kamba zake zikiwa zimefunguliwa, ilikuwa bado inaning'inia shingoni.