Karatasi ya Daktari wa Viungo

Kila Jumamosi mtaa mzima ulitoka na majembe kufanya salongo, kazi ya lazima ya kuzibua mitaro kwa jina la Chama. Na kila Jumamosi Kalenga, karani wa reli, aliugua ghafla, mara tumbo, mara jino. Mkuu wa mtaa akachoka naye: "Citoyen, leta karatasi ya munganga. Bila karatasi, jembe."

Bahati haina mwenyewe. Wiki ile akashuka Kalemie daktari wa viungo, Docteur Banza, kwa siku mbili tu. Kalenga hakuwa na ugonjwa, ila alikuwa na mke, Kapinga, aliyekuwa amelalamika mwaka mzima. Basi akayabeba malalamiko ya mkewe mazima mazima hadi kwa daktari.

"Docteur, asubui vidole vinakauka mpaka jua lipande. Hata butoni ya shati siwezi. Mikono yote mbili inavimba, ina moto. Sahani zinaniponyoka."

Banza aliandika mbiombio. "Papa, umeeleza muzuri kuliko kitabu. Huu ugonjwa njo hivi: askari ya mwili wanaacha adui, wanapiga mwenye nyumba."

Kalenga akatupa jicho mlangoni. Maneno kama hayo juu ya askari, miaka ile ya chama kimoja, hayakusemwa kwa sauti.

Daktari akaibonyeza mikono yake, kifundo kwa kifundo. Kisha akatazama abacost ya Kalenga, lile koti la kufungwa hadi shingoni.

"Saa mbili ya asubui, na butoni zote zimefungwa mpaka kwenye shingo. Nani amekufungia?"

"Mimi mwe..."

"Unanielezea mikono ya nani, Papa?"

"Ya bibi yangu, Kapinga."

Kalenga akaona aibu. Alijua kila kitu, hadi saa ambayo vidole vililegea, na bado mwaka mzima alimwita mkewe mvivu.

"Mulete leo," daktari akasema, bila kucheka. "Tukichelewa, vidole vitapinda, na vikipinda havirudi."

Kapinga akapimwa, akapewa dawa na karatasi: asishike jembe, asitwange. Mkuu wa mtaa aliisoma mara mbili, kisha akauliza sehemu ya mama itachimbwa na nani. Kalenga akajitolea mwenyewe, na watu wakapiga makofi ya kejeli.

Jumamosi jioni alirudi na malengelenge mikononi, akakuta kinu kimejaa mihogo mikavu.

"Docteur alisema ulimueleza yote," Kapinga akasema. "Yote ulijua namna gani?"

"Nilikuwa nakuangalia."

"Kumbe ulikuwa unaona," akasema, akamkabidhi mchi.