Kesi ya Michubuko ya Sajini Oyat

Baba yangu, Sajini Oyat, ni mkubwa kiasi kwamba serikali haijawahi kupata sare ya kumtosha. Mama yangu, Aol, humfikia kwenye mfuko wa shati. Nataja vipimo hivi kwa sababu kambi ya polisi tunamoishi, hapa Kampala, ilivisahau.

Likizo iliyopita mafua yalimlaza baba. Alipopona, mikono yake ikatoka mabaka ya zambarau. Mshukiwa wa kwanza nilikuwa mimi. Haki itendeke: bwenini niliwahi kumpaka kiranja dawa ya vidonda ya rangi hiyohiyo akiwa usingizini. Baba alijisugua kwa sabuni hadi nikaonekana sina hatia, kwani kila aliposugua lilizuka baka jipya.

Ndipo kambi ikatoa hukumu: Aol anampiga mumewe.

Wanaume wakaanza kumsalimu mama kutoka mbali. Koplo Tarcisio, jirani yetu, akateka maji bila kutumwa na mkewe. Wanawake wakamnong'oneza bombani, wakimwita kwa jina langu, "Mama Olal, unatumia mwiko ama mchi?"

Mama hakucheka. Fizi za baba zilikuwa zinatoka damu.

"Twende hospitali," akamsihi.

"Nipite getini hivi? Askari wangu waseme umenimaliza?"

"Basi waambie sikupigi."

"Mwanaume hajibu swali kama hilo."

Asubuhi moja, gwarideni, damu ikamtoka puani ikakataa kukoma. Afande Kidega, mkuu wa kambi, akamwita mama papo hapo. Kumjeruhi askari wa serikali ni kosa. Afungashe vitu, aondoke kambini kabla ya jioni.

"Sajini," akamgeukia baba kwa Kiswahili chake cha kambini, "huyu mama napiga wewe?"

Baba akatazama bendera.

"Oyat," mama akasema, "nitalala wapi na watoto?"

Baba akaendelea kuitazama bendera, kwa heshima zote.

Bahati njema, hapa kwetu kesi ya kupigwa haiendi mbele kabla daktari hajamkagua aliyeumizwa. Hivyo baba, aliyekataa kwenda hospitali kama mgonjwa, akapelekwa kama ushahidi. Mimi, mama na Afande tulifuatana naye.

Daktari Nabangala alipima damu, akakunja uso.

"Chembe zinazogandisha damu zimebaki chache mno. Kinga ya mwili wake iliamka kupigana na mafua. Mafua yameondoka, kinga bado inapigana, sasa inaziharibu chembe zake. Analazwa leo. Angechelewa, angeweza kuvuja damu kwenye ubongo."

"Lakini nani alimpiga?" Afande akauliza.

"Hakuna. Ni mwili wake."

Afande akafikiri sana. "Huyo siwezi kumfukuza kambini. Ni sajini wangu. Akitoka hapa, aseme mwenyewe mbele ya gwaride. Asiposema, huyu mama naondoka kambini."

Siku chache baadaye baba alitoka hospitali na vidonge, akasimama mbele ya askari aliozoea kuwafokea. Alitazama bendera. Kisha akamtazama mama.

"Mke wangu hanipigi," akasema. "Hajawahi kunipiga."

Mama akabaki nyumbani kwake. Gwaride lilipovunjika, Tarcisio akatikisa kichwa. "Maskini Sajini. Hata maneno amefundishwa."

Vidonge vikafanya kazi, mabaka yakafifia, na kambi nzima ikampongeza mama kwa kuacha.